Wageni Waliogeuka Wenyeji: Masasi na Newala tangu 1876

Masasi na Newala, kusini-mashariki ya Tanzania, zimetenganishwa na mteremko mkali wa ardhi, lakini historia zao hazitengani. Newala imekaa juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, yaani ile ardhi tambarare iliyoinuka kati ya mto Lukuledi na mto Ruvuma, ilhali Masasi iko chini upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe matupu vinavyochomoza ghafla kutoka kwenye nchi bapa. Katika vitabu vingi sehemu hii hutajwa kwa ajili ya korosho, vinyago na misheni, na wanaopewa majina katika habari zake za karne ya 19 ni maaskofu na wasafiri wa Ulaya. Hapa wanatazamwa watu Weusi ambao biashara ya utumwa iliwang'oa makwao, ambao baadaye utawala wa kikoloni uliwaweka katika daraja la chini kabisa kwa sababu ya rangi yao, na ambao hata hivyo waliifanya nchi hii kuwa yao. Uenyeji huo haukutolewa na mtu yeyote kama zawadi. Ulijengwa kwa mashamba, ndoa, jando, ibada na lugha, ukabomolewa zaidi ya mara moja, na kila mara wakawapo watu wa kuujenga tena.

Katikati ya karne ya 19 njia kuu za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda pwani zilipita kusini mwa Tanganyika ya sasa, na nyingi zilikomea Kilwa Kivinje, ambako watumwa walipakiwa majahazini kwenda Unguja na Pemba kulima karafuu, au kupelekwa mbali zaidi, Uarabuni na Ghuba. Wayao walikuwa wasafirishaji hodari wa pembe za ndovu na wa watu, nao Wamakua, Wamakonde, Wamwera na watu wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa walikuwa miongoni mwa waliotekwa kwa wingi. Wayao wenyewe hawakusalimika, kwa maana vita baina ya wakuu wao vilizaa mateka pande zote, na mtu aliyeongoza msafara mwaka huu aliweza mwaka wa pili kuwaona watoto wake wakifungwa kamba. Juu ya hayo yalikuja mashambulizi ya Wangoni kutoka upande wa Songea, ambao watu wa Masasi na Newala waliwaita Wamagwangwara, na ambao walichukua watu, mifugo na chakula.

Uwanda wa Makonde uliwapa watu kimbilio, na kimbilio hilo lilikuwa na gharama yake. Juu kulikuwa na vichaka vizito visivyopitika ila kwa vijia vilivyojulikana na wenyeji, hivyo kundi la washambuliaji lililozoea nchi ya wazi lilipoteza nguvu zake lilipofika huko. Lakini ardhi ya uwanda hunywa maji ya mvua bila kubakiza mto wala kijito juu yake, na chemchemi hutokeza chini, kwenye miguu ya miteremko. Wanawake na wasichana wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena na vibuyu na mitungi kichwani, safari iliyoweza kula sehemu kubwa ya siku, na hali iliendelea hivyo kwa vizazi hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kwa mitambo katika miaka ya 1950. Watu hawachagui kuishi mbali na maji bila sababu nzito. Simulizi ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, inaeleza kwamba mtu wa kwanza alitoka porini akiwa peke yake, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, na sanamu ile ikawa mke wake. Mtoto waliyemzaa karibu na Ruvuma alizaliwa amekufa, wa pili aliyezaliwa juu kidogo akafa pia, na wa tatu, aliyezaliwa juu kabisa, akaishi. Simulizi hiyo yaweza kusomwa kama maelezo ya maradhi ya mabondeni, na yaweza pia kusomwa kama ushuhuda wa watu waliokwisha kujifunza kwamba mabonde ndiko misafara ilikopita.

Jamii ya pili ya wakimbizi ilikuja kutoka upande wa bahari. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la mjini Unguja. Kabla na baada ya hapo manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na baadhi ya watu waliokombolewa, ambao Waswahili waliwaita mateka, walikabidhiwa kwa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuwa imehamia Unguja mwaka 1864. Wavulana walisomeshwa Kiungani, na watu wazima pamoja na wasichana wakawekwa katika shamba la Mbweni. Walikuwa wameokolewa, na jambo hilo halipunguzwi thamani. Lakini uhuru wao ulikuwa uhuru wa chini ya uangalizi. Serikali haikuwauliza watakwenda wapi, misheni iliwapangia kazi na ibada, na katika mji wa Unguja mtu wa asili ya Nyasa asiyekuwa na ukoo wa kumtetea alihesabiwa kuwa mshenzi, yaani mtu wa bara asiye na ustaarabu, hata kama alisema Kiswahili kizuri kuliko aliyemtukana.

Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili aliyetafsiri sehemu kubwa ya Maandiko, alikuwa amekwenda kwa miguu mwaka 1875 hadi Mwembe, makao ya Mataka, mkuu wa Wayao ng'ambo ya Ruvuma. Nia yake ilikuwa kuwarudisha mateka karibu na nchi walikotolewa. Oktoba 1876 aliondoka Unguja akiwa na kundi la watu huru wapatao 55, wanaume na wanawake, pamoja na wapagazi. Wakashuka Lindi, wakaanza kupanda bara kwa kufuata nchi ile ile ambayo wengi wao waliwahi kuipita wakiwa wamefungwa. Umbali kutoka Lindi hadi Masasi ni kilomita zipatazo 140. Safari ilikusudiwa kwenda mbali zaidi, lakini upagazi ulikuwa ghali na njia ya mbele haikuwa na uhakika. Masasi kulikuwa na maji, udongo mzuri, na watu waliosema Kiyao na Kimakua, lugha ambazo baadhi ya mateka walizijua tangu utotoni. Kundi likabaki. Uamuzi huo huhesabiwa kuwa wa Steere, lakini askofu alirudi Unguja na waliobaki ni wao, hivyo ni haki kusema kwamba kijiji cha Masasi kilianzishwa na watu waliokubali kusimama mahali pale na kushika jembe.

Maisha ya mwanzo yalikuwa ya kazi nzito. Viwanja vilipimwa, kila nyumba ikapewa mahali pake, zikasimamishwa nyumba za miti na udongo zenye paa za nyasi, na mashamba ya mtama, mahindi na mihogo yakafunguliwa chini ya vilima. Kijana William Percival Johnson aliachwa kuwa msimamizi, na mwaka 1877 akafika Chauncy Maples, aliyekaa Masasi na Newala kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kisiwa cha Likoma, Ziwa Nyasa. Wakazi wenyewe walitoka katika makabila mengi, wengine wakiwa wametekwa wadogo mno kukumbuka jina la kijiji cha mama yao, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili walichojifunza katika utumwa na katika misheni. Hivyo lugha ya pwani ilifika Masasi kwa njia mbili: kwa wafanyabiashara, na kwa watu waliokuwa wameuzwa na hao wafanyabiashara, ambao sasa waliitumia nyumbani, shuleni na kanisani kama mali yao.

Ugumu mkubwa zaidi haukuwa njaa wala simba, ulikuwa ukoo. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unaoitwa litawa kwa Kimakonde na nihimo kwa Kimakua, na mwenye sauti juu yake ni mjomba, yaani kaka wa mama, anayesimamia ndoa, anayelipa deni na anayesimama barazani kunapokuwa na shauri. Kwa Wamakonde mkuu wa makazi aliitwa mkulungwa, na hakuwa mfalme wa nchi nzima. Kila mkulungwa alikuwa na watu wake na eneo lake. Katika mfumo kama huo mtumwa alitambulikana kwa kukosa mjomba. Mwanamke aliyenunuliwa na kuolewa aliwazaa watoto walioingia katika ukoo wa mume, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na ukoo hapo wa kuwadai, na ndiyo maana wakuu wengi walitamani wanawake wa namna hiyo, waliomwongezea mume watu bila kumwongezea mashemeji. Wanawake na wanaume wa kijiji cha Masasi walikuwa huru kwa sheria ya Unguja na Uingereza, lakini machoni pa majirani walikuwa watu wasio na wajomba.

Jibu lao lilipatikana polepole, na lilipatikana kwa njia wanazozitumia watu wa kawaida. Walioana wao kwa wao na baadaye na majirani. Wazazi wa ubatizo walishika nafasi ya ndugu, na waliosafiri pamoja au kulelewa pamoja Mbweni na Kiungani wakahesabiana kuwa wa tumbo moja. Watoto waliozaliwa Masasi wakawa na mama waliolima hapo na makaburi ya wazee wao yakawa hapo, na katika nchi inayohesabu ukoo kwa mama, mama mwenye shamba na kaburi ni mwanzo wa ukoo. Misheni nayo ilijikuta katika nafasi ya mkulungwa, ikiamua mashauri na kutoa adhabu, jambo lililokuwa na hatari yake. Karibu na wakati huo huo, misheni ya Waskoti huko Blantyre iliaibika kwa viboko na ukatili wa watumishi wake juu ya Waafrika waliokuwa chini yao. Mtu aliyetoka mikononi mwa bwana mmoja alikuwa na haki ya kuuliza kama hajapewa bwana mwingine, na swali hilo halikukoma katika historia ya Masasi kwa karibu miaka 90.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882. Mwezi uliofuata Wamagwangwara waliivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kutolewa jahazini wakajikuta wakitekwa mara ya pili, na kwa baadhi yao ilibidi juhudi nyingine zifanywe ili wakombolewe. Waliookoka walitawanyika: wengine walirudi pwani, na wengine wakapanda uwanda kwenda Newala, ambako Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa na watu wa makabila mbalimbali chini yake, aliwakaribisha. Newala, iliyokwisha kuwapokea watu waliokimbia mabondeni, ikawapokea na hawa. Ukarimu huo usichukuliwe kuwa wa upande mmoja tu, kwa kuwa mkuu wa zama zile alihesabiwa kwa watu wake, na wageni wenye ufundi, shule na uhusiano na Unguja walikuwa faida kwake. Hata hivyo mlango ulifunguliwa wakati ambapo kuufunga kungekuwa salama zaidi. Baada ya muda Masasi ilijengwa tena, na kuanzia hapo vituo viwili, cha chini na cha juu, vilikwenda pamoja.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi jinsi mateka alivyoweza kurudi si kama mzigo wa mtu bali kama mwenye kutoa ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na kulelewa na misheni Unguja, akasoma Kiungani na baadaye katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mkewe, Lucy Mgombeani, naye alikuwa ametoka utumwani na alikuwa mwalimu. Mwaka 1886 Majaliwa alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, kwa mkuu wa Kiyao aliyeitwa Nakaam, na mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika UMCA. Huko Chitangali hakuwa na Mzungu juu ya kichwa chake siku kwa siku. Alifundisha, alibatiza, aliamua magomvi ya waumini, alisafiri vijijini, na Nakaam mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Mafanikio yake yanaeleweka ukitazama kwamba alisema na watu kwa lugha yao, kuhusu mambo waliyoyajua, akiwa na mke na watoto nyumbani mwake kama mtu mzima yeyote mwenye heshima, jambo ambalo wamisionari wengi wa UMCA, waliokaa bila kuoa, hawakuwa nalo.

Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja, na nafasi aliyoifungua haikupanuliwa kama ilivyostahili. Makasisi Waafrika waliongezeka, baadhi yao wakiwa watu wa kalamu kama Yohana Abdallah wa Unangu, aliyeandika historia ya Wayao kwa Kiyao, na Kolumba Msigala wa upande wa Masasi, aliyeacha kumbukumbu zake kwa maandishi; lakini usimamizi wa juu ulibaki mikononi mwa Wazungu. UMCA ilijisifu kwamba haitaki kumgeuza Mwafrika kuwa Mzungu mweusi, ikahimiza mavazi na vyakula vya kienyeji, na nia hiyo ilikuwa na heshima ndani yake. Ilikuwa pia na kikwazo, kwa sababu aliyeamua ni kipi cha Kiafrika kihifadhiwe na ni nani ameiva kwa uongozi alikuwa Mzungu. Ubaguzi wa namna hii hauna kelele wala kiboko. Huja kwa sauti ya mlezi anayesema kwamba wakati bado haujafika, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuupinga kuliko matusi ya wazi.

Matusi ya wazi nayo yalikuja, pamoja na bunduki. Wajerumani walipodai nchi hii baada ya 1885, Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekuwa Luagala juu ya uwanda, alimwandikia kamishna wao, Hermann von Wissmann, mwaka 1890 barua ya Kiswahili akieleza kwamba yuko tayari kwa urafiki na biashara, lakini haoni sababu ya kuwa chini ya mtu mwingine. Machemba hakuwa mtu safi. Yeye mwenyewe aliishi kwa misafara na watumwa, na wapo waliokimbilia vichakani kwa sababu yake. Lakini barua yake ilikataa jambo ambalo ukoloni ulilichukua kuwa dhahiri, kwamba mtu mweusi huzaliwa kuwa raia wa chini. Alizuia majeshi ya Wajerumani kwa miaka kadhaa hadi 1899, alipovuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno. Kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza kudaiwa, na aliyeshindwa kuilipa kwa fedha alilipa kwa jasho. Vita vya Maji Maji, vya Waafrika dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilipofika kusini mwezi wa Agosti 1905, misheni za Wabenedikto za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa, wakuu kama Nakaam wakasimama upande wa serikali, sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde haikuingia vitani, na njaa iliyofuata haikuchagua aliyepigana na asiyepigana.

Katika moshi wa vita hivyo, mwaka 1906, alifika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig. Alitembea Masasi, Chiwata na Chingulungulu, akakaa majuma mengi Newala, akiwa na askari wa serikali, kamera, mashine ya kupiga sinema na fonografia, yaani mashine iliyohifadhi sauti kwenye mitungi ya nta. Alinunua vinyago, milango, vyombo na mapambo, akawapa watu karatasi na penseli wachore, akarekodi nyimbo na ngoma. Kitabu alichokichapisha mwaka 1908 kina habari nyingi ambazo hazipatikani kwingine, na simulizi ya asili ya Wamakonde iliyotajwa juu inatoka humo. Lakini mwandishi huyo aliwaona watu waliomkaribisha kuwa mfano wa hatua ya chini ya maendeleo ya binadamu, na alipiga picha za wanawake wa Newala kwa macho ambayo asingeyatumia kwao Leipzig. Watu waliokuwa wametoka kuona vijiji vikichomwa hawakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa ombi la Mzungu mwenye askari mlangoni. Na bado baadhi walikataa: walijificha, walificha majina ya mambo ya unyago, yaani mafunzo ya siri ya kuingia utu uzima, au walimweleza nusu ya walichokijua. Uficho huo unastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya uimara wao.

Baada ya Maji Maji watu wengi wa kusini waliingia Uislamu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, kwa sehemu kubwa kupitia tarika ya Kadiria, yaani udugu wa kidini wenye shehe, zikiri na mwongozo wake. Mwaka 1908 ilizuka kule Lindi ile iliyoitwa barua ya Makka, ikiwataka Waislamu warejee katika dini yao, na Wajerumani wakaiogopa kama uasi mpya. Sababu ya mvuto wa tarika inahusu moja kwa moja suala la uenyeji. Katika zikiri mtu aliyekuwa mtumwa na mtu aliyekuwa bwana walikaa duara moja, na mtu wa bara ambaye pwani ilimwita mshenzi aliweza kupata ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha na kuongoza, na kuwa shehe kwa haki yake. Msikiti wa nyasi wa kijijini ulifanya kazi ile ile iliyofanywa na kanisa la Masasi kwa watoto wa mateka, na ni upungufu kuisimulia habari hii kwa upande wa kanisa peke yake, kwa kuwa Waislamu wa Newala na Masasi walijenga jamii yao bila mfadhili wa ng'ambo.

Dini zote mbili zilipaswa kujibu swali la jando. Kwa watu wa huku mvulana hawi mtu mpaka apitie jandoni, kunakoitwa likumbi kwa Wamakonde na lupanda kwa Wayao, ambako wavulana hukaa porini kwa miezi, hutahiriwa, hufundishwa adabu, kazi, heshima kwa wazee na mambo ya ndoa, kisha hutoka wakiwa na majina mapya na rika la maisha. Aliyekosa jando hakuweza kuoa kwa heshima wala kusema mbele ya wanaume. Wamisionari wa awali walilikataza, na waumini wakalijibu katazo hilo kwa kuwapeleka watoto kwa siri. Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wake wa kwanza tangu 1926 hadi 1944, anajulikana kwa kuanzisha jando la Kikristo, lenye ngariba na walimu wake, sala mahali pa matambiko, na ibada ya kuwapokea wavulana kanisani siku ya kutoka. Sifa hiyo ni yake kwa sehemu tu. Mpango huo usingewezekana bila makasisi Waafrika kama Msigala, waliojua kipi kikiondolewa jando litabaki jando na kipi kikiondolewa halitakuwa kitu. Kwa wajukuu wa mateka ulikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa katika mila ya Kiyao haki ya kuitisha jando ilikuwa ya mkuu, na wao hawakuwa na mkuu. Jando la kanisa liliwaweka katika rika moja na watoto wa koo zenye wakuu, na rika halifutiki.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikanyaga nchi hii kwa miguu ya majeshi matatu. Wareno waliingia Newala mwezi wa Oktoba 1916 na kufukuzwa na Wajerumani mwezi uliofuata; mwaka 1917 mapigano yakafika Mahiwa, karibu na Nyangao, na tarehe 25 Novemba mwaka huo jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma kule Negomano. Chakula kilichukuliwa maghalani, na wanaume wakakokotwa kuwa wapagazi, wengi wakifa kwa maradhi na uchovu. Wamisionari Waingereza walikuwa wamezuiliwa na Wajerumani, na ibada, shule na mazishi yakabaki kwa makasisi, walimu na wazee Waafrika, ambao nao waliteswa kwa kushukiwa. Kanisa halikufa. Ilikwisha kuonekana, kwa ushahidi usiokanika, kwamba lingeweza kuongozwa na watu wake.

Chini ya Waingereza utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, ambayo maana yake ni kwamba kijiji cha watu huru cha Masasi kiliishi karibu nusu karne kikizungukwa na nchi ambamo kummiliki mtu hakukuwa kosa kamili. Ubaguzi wa rangi ulikuwa sasa sehemu ya utaratibu: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, hospitali kwa madaraja, mishahara kwa rangi. Uwanda usio na reli ulitoa nguvu kazi. Vijana walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikishwa na kutambulishwa kwa namba, na huko Wamakonde walidharauliwa kwa chale zao za usoni na kwa meno yao yaliyochongwa. Jibu lao lilikuwa kutafutana. Walikaa pamoja, walicheza ngoma zao, walizikana, walituma fedha nyumbani, na wale wa ng'ambo ya Ruvuma waliounda vyama vya kudai uhuru wa Msumbiji walianzia katika mikusanyiko kama hiyo ya wafanyakazi waliokuwa Tanganyika na Kenya.

Shule zilikuwa njia nyingine. Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wabenedikto zilitoa walimu, makarani na wauguzi walioenea nchi nzima, na Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938 na kusoma Ndanda, akawa rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005.

Mwaka 1960 alifika Masasi askofu mpya, Trevor Huddleston, aliyejulikana dunia nzima kwa kupinga ubaguzi wa rangi huko Sophiatown, Johannesburg, ambako serikali ya makaburu iliwahamisha watu Weusi kwa nguvu. Alimkuta Nyerere akiongoza nchi kuelekea uhuru, na jimbo lake likiwa mpakani mwa ukoloni wa Kireno. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, katika uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, na vita vya FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, vilipoanza Septemba 1964 maelfu ya wakimbizi walivuka Ruvuma kuingia wilaya za kusini. Wengi hawakungojea kambi. Walikwenda kwa watu wa litawa lao, kwa sababu mto ulikuwa mpaka wa Wareno na Waingereza, haukuwa mpaka wa wajomba, na vijiji vya Newala vilivyokwisha kuwapokea watu wa Masasi vikagawana mihogo tena. Kule Kenya, Wamakonde wa Kwale waliotoka Msumbiji kwa kazi ya mashamba tangu miaka ya 1930 hawakupata mapokezi kama hayo: walikaa bila uraia hadi walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, ndipo wakapewa vitambulisho na, mwaka uliofuata, kutambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo.

Huddleston aliondoka mwaka 1968, na aliyemrithi alikuwa Hilary Chisonga, askofu wa kwanza Mwafrika wa Masasi. Miaka 78 ilikuwa imepita tangu Majaliwa awekewe mikono. Muda huo hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa watu wenye uwezo, kwa maana watu hao walikuwapo, na mwaka 1916 walikuwa wamekwisha kuliongoza kanisa lenyewe chini ya risasi. Uliongezwa na imani kwamba rangi moja imezaliwa kulea na nyingine kulelewa, na hukumu hiyo ni lazima iandikwe hata katika historia ya misheni iliyotenda mema mengi.

Karatasi za UMCA sasa zimehifadhiwa Oxford, na mitungi ya nta iliyobeba sauti za watu wa Newala na Masasi za mwaka 1906 iko katika hifadhi ya sauti ya Berlin. Vyuo vikuu vya Tanzania na makumbusho ya taifa vinapaswa kudai nakala za hazina hizo na kuzirudisha Masasi, Newala mjini na Chitangali, na vijana wa wilaya hizo wanapaswa kukaa na wazee wao mapema, waandike koo, makaburi na majina ya mateka wa 1876 na ya wajukuu wao, kabla wale wanaoyakumbuka hawajatutoka.